Alama Mwilini mwa Mtoto: Wajibu wa Tabibu na Wajibu Wetu



Juma hili tumeona vema tutafakari pamoja jambo ambalo majumbani mwetu huzungumzwa kwa sauti ya chini, nalo ni majeraha ya watoto yasiyotokana na ajali. Tunaandika tukiwa na watu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega mbele ya macho yetu, na zaidi ya wote wale watumishi wa afya wa zahanati na vituo vya afya vilivyotawanyika katika mkoa wetu wa Simiyu. Hao ndio mara nyingi huwa watu wa kwanza, nje ya ukoo, kumvua mtoto shati na kuuona mgongo wake. Hoja yetu ni hii: tabibu hakuitwa kuwa hakimu wala mpelelezi, bali ameitwa aone, aandike na atoe taarifa. Nasi tulio nje ya chumba cha uchunguzi tumeitwa tumwache afanye hivyo bila kumtisha.

Pengine msomaji atadhani kwamba twataka kuwafundisha waganga kazi yao. La hasha. Historia ya utabibu yenyewe ndiyo itufundishayo kwamba jicho huona kile tu ambacho akili imekubali kuwa chaweza kuwapo. Mwaka 1860 huko Ufaransa, daktari Ambroise Tardieu aliandika habari za watoto 32 walioteswa na wazazi au walezi wao, 18 kati yao wakiwa wamekufa kwa mateso hayo. Alieleza michubuko, majeraha ya moto na mifupa iliyovunjika, kwa usahihi ambao hata leo unasomeka. Hata hivyo maandishi yake hayakuleta mabadiliko makubwa. Mwaka 1946 John Caffey, bingwa wa picha za eksirei za watoto nchini Marekani, alichapisha habari za watoto wachanga 6 waliokuwa na damu iliyovilia juu ya ubongo, ambao kwa pamoja walikuwa na mivunjiko 23 ya mifupa mirefu, na wazazi hawakuwa na maelezo yoyote ya ajali. Ni mwaka 1962 tu ambapo C. Henry Kempe na wenzake wa Denver walilitaja jambo hili kwa jina lake. Waliuliza hospitali 71 za Marekani, wakapata watoto 302 waliopigwa katika muda wa mwaka mmoja. Kati yao 33 walifariki na 85 walibaki na madhara ya kudumu ya ubongo. Kufikia mwaka 1967 majimbo yote ya nchi ile yalikuwa yametunga sheria za kuwataka madaktari watoe taarifa.

Karne nzima ilipita kati ya Tardieu na Kempe. Watoto hawakuacha kupigwa katika karne hiyo, wala madaktari hawakukosa macho. Kilichokosekana ni ujasiri wa kukubali kwamba mkono ule ule unaombeba mtoto kumleta hospitali waweza kuwa ndio uliomvunja.

Na sisi Watanzania hatuna udhuru wa kusema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2009 nchi yetu ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Vijana wa umri wa miaka 13 hadi 24, wa Bara na Visiwani, waliulizwa habari za utoto wao. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema kwamba walitendewa angalau tendo moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana wote, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepatwa na ukatili wa kimwili. Tena, kati ya wasichana waliodhulumiwa kingono, ni nusu tu hivi waliowahi kumweleza mtu yeyote, na wachache zaidi ndio waliotafuta huduma. Kama mdomo wa mtoto umefungwa kiasi hicho, basi mwili wake ndio unaobaki kusema. Swali ni nani aliyejifunza kuusikiliza.

Tuwaombe radhi wasomaji wetu, kwa maana sasa yatubidi tuseme mambo ya ngozi na mifupa. Hayapendezi, lakini ni afadhali tuyajue.

Jambo la kwanza ni umri. Mtoto anayetembea huanguka, nani asiyejua? Vijana wetu wanaochunga ng'ombe na kuongoza plau mashambani hurudi nyumbani wakiwa na magoti na miundi yenye makovu, na hakuna haja ya kumshuku mtu. Lakini mtoto ambaye bado hajaanza hata kujivuta kwa kushikilia vitu hana namna ya kujigonga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999, uliowachunguza watoto zaidi ya 900 wa chini ya miaka 3, ulikuta kwamba kati ya wale wa chini ya miezi 6 hakufika hata mmoja katika mia aliyekuwa na alama ya damu kuvilia. Kwa hiyo alama moja ndogo shavuni pa mtoto wa miezi mitatu, ambayo kwa kaka yake wa miaka mitano isingestahili hata kutajwa, yastahili kumfanya tabibu aweke kalamu chini na kumchunguza mtoto huyo tangu utosini hadi nyayoni.

Jambo la pili ni mahali. Ajali za kawaida za mtoto hugonga mahali penye mfupa uliojitokeza: paji la uso, kidevu, viwiko, magoti, miundi. Kipigo huacha alama mahali palipojificha au palipo laini: masikioni, shingoni, mashavuni, kwenye kope, kifuani, tumboni, mgongoni, makalioni. Kwa watoto wa chini ya miaka 4, alama za kiwiliwili, za sikio na za shingo zapaswa kuulizwa daima. Hali kadhalika, kile kijiuzi cha ndani kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi, kikikutwa kimechanika kwa mtoto mchanga, huenda mtu alimshindilia chupa au kijiko kwa hasira.

Jambo la tatu ni umbo. Ajali haina mchoro maalumu, ila chombo kina mchoro wake. Fimbo huacha mistari miwili sambamba yenye weupe katikati. Waya uliokunjwa huacha kitanzi. Mkanda huacha upana wake na pengine sura ya bakoli yake. Kiganja huacha vidole. Sigara huacha duara lenye kingo safi, la upana wa kama milimita 8 hadi 10. Vivyo hivyo kwa moto. Mtoto aliyejivutia sufuria ya uji au birika la chai huungua usoni, begani na kifuani, kwa matone yaliyotawanyika na kina kisicho sawa. Bali mtoto aliyetumbukizwa katika maji ya moto huungua miguu yote miwili kama aliyevaa soksi, au mikono yote miwili kama aliyevaa glavu, na mpaka wa jeraha huonekana wazi kama uliopigwa rula. Hakuna mtoto anayetia mguu katika maji ya moto kisha akautia na wa pili kwa utulivu.

Jambo la nne, nalo ni kubwa kuliko yote, ni kama habari inayosimuliwa inalingana na jeraha linaloonekana. Mfupa wa paja wa mtoto asiyetembea hauvunjiki kwa kugeuka kitandani. Mbavu za mtoto mchanga ni laini, hazivunjiki kirahisi. Zikikutwa zimevunjika upande wa nyuma, karibu na uti wa mgongo, yawezekana kifua kilibanwa na mikono ya mtu mzima. Mivunjiko iliyoanza kupona ikikutwa pamoja na mipya haikutokea siku moja. Na hapa kwetu, ambako degedege na malaria ni maneno ya kila siku, tunathubutu kukumbusha jambo hili: mtoto mchanga aliyepoteza fahamu au anayetetemeka mwili, hana homa, na kipimo cha malaria hakioni kitu, asirudishwe nyumbani kwa dhana tu. Yawezekana alitikiswa kwa nguvu, na damu imevilia ndani ya kichwa pasipo kuwa na jeraha lolote nje.

Hata hivyo, wapendwa, haki ina pande mbili. Jicho linaloshuku kila kitu halina faida kuliko jicho lisiloona kitu. Watoto wetu wengi huzaliwa na mabaka ya rangi ya kijivu na buluu mgongoni na makalioni. Hayo si kipigo, huwa hayaumi, na hufifia kadiri miaka inavyopita. Ndiyo maana ni busara yaandikwe katika kadi ya kliniki tangu mtoto anapozaliwa. Yako maradhi ya damu isiyoganda ambayo humfanya mtoto avilie damu kwa kuguswa tu. Yako magonjwa ya mifupa miepesi, na upo udhaifu wa mifupa utokanao na lishe. Yako majipu ya ngozi ambayo yakikauka hufanana na alama za sigara. Ngozi yetu nyeusi nayo huficha wekundu na ubuluu. Yafaa mtoto achunguzwe penye mwanga wa dirisha, aguswe kwa upole kutafuta uvimbe na maumivu, na upande mmoja wa mwili ulinganishwe na mwingine. Wala mtu asijidanganye kwamba kwa kutazama rangi ya alama ataijua siku iliyopatikana, maana sayansi imeonyesha kwamba rangi peke yake haiaminiki.

Tena kuna chale za waganga wa jadi, kuna kukata kimeo, kuna kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki. Haya humdhuru mtoto, wakati mwingine vibaya sana, lakini aliyempeleka huko mara nyingi alikuwa anamtafutia uzima. Huyo ahitaji kufundishwa kwa uthabiti, na asiwekwe kundi moja na mtu anayemchapa mtoto kwa waya. Vilevile umaskini si ukatili. Mama aliyekwenda kupalilia pamba akamwacha mdogo chini ya ulinzi wa dada yake wa miaka saba, na mtoto akaungua kwenye mafiga, anahitaji msaada kabla ya lawama. Na kuchelewa kufika hospitali, ambako vitabu hukutaja miongoni mwa dalili, kwapaswa kupimwa kwa hekima. Kutoka kijiji cha ndani cha Meatu wakati wa masika, udongo mweusi ukiwa umeshika magurudumu, siku mbili si nyingi. Tabibu aulize kwanza njia ilikuwaje, ndipo aulize kwa nini walichelewa.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Muuguzi anayemwambia mama, "Mayu, pole sana na safari. Hebu nieleze tangu mwanzo, ilikuwaje?" atapata mengi kuliko yule anayeanza kwa kusema, "Umemfanya nini mtoto?" Maneno ya mama yaandikwe kama alivyoyasema, bila kupambwa. Mtoto aliye na umri wa kusema apewe nafasi ya kusema peke yake, mbele ya mtumishi wa pili, kwa maswali yasiyomtia majibu mdomoni, wala asirudishwe kusimulia upya kwa kila anayeingia chumbani. Kila alama ichorwe mahali pake na ipimwe kwa sentimita. Siku ya kesi itakapofika, pengine baada ya mwaka mzima, michubuko itakuwa imepona na kumbukumbu zimefifia, na karatasi hiyo ndiyo itakayokuwa imebaki na mgongo wa mtoto kama ulivyokuwa.

Lipo tatizo jingine ambalo limewapotosha wengi, nalo ni la watoto walionajisiwa. Watu hudhani kwamba tabibu akichunguza asione jeraha, basi mtoto amesema uongo. Dhana hiyo ni potofu kabisa. Watoto walio wengi waliotendewa uovu huo hukutwa hawana jeraha lolote linaloonekana, ama kwa sababu tendo lenyewe halikuacha alama, ama kwa sababu sehemu hizo hupona upesi mno. Cheti kinachosema "hakuna jeraha" hakimaanishi kwamba hakuna kosa, na mtaalamu anapaswa kuliandika hilo kwa maneno yanayoeleweka na mtu asiye mganga. Sheria yetu imelitambua. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba ushahidi wa kweli wa kosa la ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe, na tangu mabadiliko ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016 mtoto wa umri mdogo aweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema kweli. Lakini saa hazisubiri mahakama. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Kwa hiyo mtoto asiogeshwe, nguo zake zisifuliwe bali zitiwe katika mfuko wa karatasi, na apelekwe moja kwa moja kituoni. Fomu ya polisi, ile PF3 tunayoijua sote, ina kazi yake ya kisheria. Lakini mtoto anayevuja damu asikalishwe kwenye benchi kuisubiri.

Na mimba ya binti wa miaka 14 anayefika kliniki ya wajawazito, je, hiyo si alama ya mwilini? Tangu mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana imeweka wazi kwamba binti wa chini ya miaka 18 hawezi kutoa ridhaa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha hivyo. Mzani wa kliniki unampima binti huyo uzito, mkanda unampima tumbo, kadi inajazwa umri wake, na mara nyingi hakuna anayeuliza swali linalofuata.

Sasa tufike penye kiini cha tafakari hii. Kwa nini tabibu anayeona hunyamaza? Si kwamba hana moyo. Tabibu wa zahanati ya kijijini anaishi katika kijiji hicho hicho. Anakunywa maji ya kisima hicho hicho, watoto wake wanasoma na watoto wa mtuhumiwa, na usiku nyumba yake haina mlinzi. Akitoa taarifa, kesho yake ataambiwa amevunja nyumba ya mtu. Wazee watakutana, ng'ombe watatajwa, pande mbili zitapatana, na shahidi atabaki yeye peke yake, akiwa adui wa wote. Sisi Wasukuma na wageni tulioishi nao twajua nguvu ya vikao vyetu. Vimepatanisha ndugu, vimemaliza ugomvi wa mipaka na wa mifugo, na twavisifu kwa hilo. Lakini mwili wa mtoto si mpaka wa shamba. Ng'ombe wanaotolewa huingia katika zizi la baba, na mtoto aliyeumizwa haambulii chochote isipokuwa kurudi kulala chini ya dari ile ile. Mapatano ya namna hiyo huwapatanisha watu wazima peke yao.

Wengine watatuambia kwa methali: samaki mkunje angali mbichi, na mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hizo ni zetu na tunazipenda. Lakini samaki hukunjwa, havunjwi. Hata kanuni za adhabu ya viboko shuleni, ambazo wengi huzitaja wasizozisoma, zimeweka kikomo cha viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na kwa kuandikwa katika kitabu. Mwaka 2018 nchi nzima ilitikisika mwanafunzi wa shule ya msingi Kibeta, mjini Bukoba, alipofariki baada ya kuchapwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 wilaya yetu ya Busega nayo iliingia katika simanzi kwa kifo cha mwanafunzi wa sekondari kilichohusishwa na adhabu ya viboko. Baada ya misiba kama hiyo kila mtu hulaani. Tunachouliza sisi ni habari za majuma na miezi inayotangulia misiba: watoto wangapi walipita mbele ya macho ya watu wazima wakiwa na alama ambazo hazikuulizwa?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu chake cha 95 kama kilivyopitishwa na Bunge, inamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, aitoe kwa serikali ya mtaa ya mahali hapo. Angalieni vema: haikusema mwenye uhakika, wala haikusema daktari peke yake. Afisa ustawi wa jamii yupo, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Kuthibitisha ni kazi ya wengine. Tabibu akisema, "Jeraha hili halilingani na maelezo niliyopewa," hajamshtaki mtu. Amesema alichokiona, kama vile anavyosema kipimo cha damu kinasoma hivi. Na siri ya mgonjwa, ambayo ni amana takatifu katika utabibu, ni ya mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa hapa ni mtoto, na siri hiyo haikuwekwa ili imkinge anayemwumiza.

Wala hatusemi haya kana kwamba nyumba za mapadre na za watawa ziko nje ya hesabu. Kanisa limelipa gharama kubwa duniani kwa kuficha, na waliolipa zaidi ni watoto. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2019 alitoa waraka unaowawajibisha mapadre na watawa kutoa taarifa wanapopata habari za dhuluma hizo, na mwaka 2023 akaufanya kuwa wa kudumu. Kwa hiyo tunapowaomba waganga wasinyamaze, tunawaomba wafanye lile ambalo sisi wenyewe tumekwisha kuamriwa.

Sote twaijua habari ya yule mtu aliyeachwa amejeruhiwa kando ya njia ya Yeriko. Mara nyingi tukiihubiri tunasifu mafuta na divai vya Msamaria. Juma hili tuangalie jambo lililotangulia mafuta. Kuhani alimwona, Mlawi alimwona, na Msamaria alimwona. Wote watatu walikuwa na macho mazima. Waliopita upande wa pili hawakumpiga yule mtu, na yamkini kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kuendelea na safari. Tofauti yao na Msamaria ilianza pale ambapo kuona kwao hakukuwabadilishia njia.

Basi tunawaombeni mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Ninyi matabibu na wauguzi: msiubebe mzigo huu peke yenu. Taarifa iandikwe na ipitie kwa mganga mfawidhi, ili iwe ya kituo na si ya mtu mmoja, na mtoto mwenye jeraha lisiloeleweka apewe rufaa kwenda penye eksirei, hata kama mwenye mtoto anasema haina haja. Ninyi wenyeviti wa vitongoji na watendaji wa vijiji: mtoaji taarifa akitishwa, hilo liwe kosa mbele ya kijiji kizima, na kikao chochote cha kumaliza kifamilia kesi ya mtoto aliyeumizwa kisipewe muhuri wenu. Ninyi walimu: mwanafunzi asiyetaka kuvua sweta katika joto la Oktoba mwulizeni kwa upole, kando na wenzake. Ninyi akina mama wa jumuiya ndogondogo, mnaotembeleana kila juma: mtoto wa jirani ambaye hafichi hofu yake anapoisikia sauti fulani mlangoni, msimwache hivi hivi.

Nanyi wazazi mnaosoma haya mkiwa na hofu kwamba mkono wenu umeanza kuwashinda, hasa usiku mtoto asipolala na mfuko ukiwa mtupu: mwekeni mtoto mahali salama, tokeni nje mpumue, mwiteni jirani. Mtoto hafi kwa kulia dakika kumi. Kuomba msaada kabla ya jeraha si aibu, na kituo cha afya hakipo kwa ajili ya wenye majeraha peke yao.

Kesho asubuhi, Bariadi kama kwingineko, milango ya zahanati itafunguliwa na akina mama watapanga foleni wakiwa na watoto migongoni. Miongoni mwao huenda akawapo mmoja ambaye alama yake ya kwanza ni ndogo kama ncha ya kidole. Tumwombee huyo mtoto. Na tumwombee pia yule atakayemvua shati, apate mwanga wa kutosha dirishani na majirani wa kumsimamia.

Tunawatakieni juma lenye baraka. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.